Kupima Kisichoonekana: Maabara ya Fizikia kutoka Magamba hadi Manyoni

Mkoa wa Singida umekaa juu ya miamba ambayo ni miongoni mwa mikongwe kabisa nchini Tanzania. Majabali ya granaiti yanayozunguka maziwa ya Singidani na Kindai, pale mjini Singida, ni sehemu ya kiini cha kale cha bara ambacho wanajiolojia hukikadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndani ya granaiti za namna hiyo mna urani kidogo sana, iliyotawanyika. Maji ya mvua yanapopenya kwenye nyufa huiyeyusha na kuibeba taratibu kufuata mabonde, mpaka yafike kwenye mbuga za Manyoni na Bahi, ambako hayana njia ya kutokea kwenda baharini. Huko jua huyakausha. Chokaa na mfinyanzi hubaki chini, na urani iliyokuwa ndani ya maji huungana na vanadi na potasiamu, ikawa madini ya rangi ya manjano yaitwayo kanotaiti.

Mkulima anayepita juu ya ardhi hiyo hawezi kuitambua urani kwa harufu wala kwa mguso, na mara nyingi hata kwa macho haioni, kwa kuwa imechanganyika na udongo. Inajulikana kwa sababu moja: viini vya atomi zake huvunjika vyenyewe, na kila kinapovunjika kimoja hutoa mionzi inayoweza kuhesabiwa. Kwa hiyo karibu kila tunachokijua kuhusu urani ya Manyoni kimepita mikononi mwa mtu aliyefundishwa kuhesabu kwa uangalifu. Mafunzo hayo hutolewa chuo kikuu, kwenye maabara ya fizikia ya kisasa, yaani fizikia iliyozaliwa tangu mwisho wa karne ya 19 na inayoshughulika na atomi, mwanga na mionzi. Historia ya mafunzo hayo hapa kwetu ina sura moja maarufu duniani, na sura hiyo ilianzia kwenye jokofu la shule ya sekondari.

Lakini tuanze mbali kidogo. Mwaka 1896, huko Paris, Henri Becquerel aligundua kwamba chumvi za urani huacha alama kwenye bamba la picha hata zikifungiwa gizani. Miaka miwili baadaye Marie Curie alionyesha kwamba nguvu ya mionzi hiyo hutegemea kiasi cha urani kilichopo, na wala haibadiliki kwa joto au kwa namna urani ilivyochanganywa na vitu vingine. Aliweza kusema hivyo kwa sababu alikuwa na chombo cha kupimia mikondo midogo mno ya umeme, kilichotokana na kazi ya mumewe Pierre na shemeji yake Jacques. Becquerel alikuwa ameiona mionzi. Curie aliipa namba, na kwa namba hizo akatambua kwamba baadhi ya mawe yana nguvu kuliko urani iliyomo ndani yake. Hivyo ndivyo alivyofikia poloniamu na radiamu mwaka 1898.

Hatua iliyofuata inamhusu mwanafunzi. Mwaka 1909, katika chuo kikuu cha Manchester, Ernest Rutherford alikuwa akichunguza jinsi chembe za alfa zinavyopita kwenye karatasi nyembamba za metali. Msaidizi wake, Hans Geiger, alimwambia kwamba kijana Ernest Marsden, wa miaka 20, ambaye hakuwa amemaliza shahada ya kwanza, alistahili kupewa utafiti wake mdogo wa kujifunzia. Rutherford akapendekeza aangalie kama kuna chembe zinazorudi nyuma, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitarajia. Kazi ilifanywa gizani. Mtazamaji alipaswa kukaa kwanza mpaka macho yazoee giza, kisha ahesabu kwa hadubini vimulimuli vidogo vilivyotokea kwenye kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki, kila kimulimuli kikiwa chembe moja. Marsden aliziona chembe zilizorudi. Kwa bamba la platinamu yeye na Geiger walikadiria kuwa ni takriban moja kati ya 8,000, na kutokana na hesabu hiyo Rutherford alitangaza mwaka 1911 kwamba atomi ina kiini kidogo na kizito katikati.

Nimekaa kidogo kwenye kisa hiki kwa sababu kinaonyesha maabara ya wanafunzi ilivyokuwa mwanzoni. Marsden hakuwa na jibu nyuma ya kitabu. Baada ya hapo majaribio makuu ya zama zile, kama kupima chaji ya elektroni, kuonyesha kwamba atomi hupokea nishati kwa vipimo maalumu, na kuhesabu mionzi kwa mrija ulioboreshwa na Geiger na Walther Müller mwaka 1928, yaligeuzwa kuwa mazoezi ya darasani katika vyuo vya dunia nzima. Faida yake ni kubwa, kwani kijana wa miaka 20 anaweza kuyafanya kwa mikono yake mambo yaliyoleta Tuzo za Nobel. Hasara yake ni kwamba jibu sasa linajulikana kabla ya kazi kuanza. Mwanafunzi aliyepata namba tofauti na ya kitabu hushawishika kuirekebisha namba yake, na mwalimu aliyechoka hushawishika kumpa alama kwa kufanya hivyo.

Afrika Mashariki ilipokea maabara za namna hii zikiwa zimekwisha kuundwa. Kwa miaka mingi Mtanganyika aliyetaka shahada ya sayansi alikwenda Makerere, au ng'ambo. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, kikianza na wanafunzi wachache wa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na kitivo cha sayansi kilianza mwaka 1965, wakati chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Miongoni mwa waliofundisha fizikia hapo alikuwa Mwingereza Denis Osborne, aliyekuwa amefundisha Ghana kabla ya kuja Dar es Salaam.

Wakati chuo hicho kikijengwa, mvulana mmoja huko Lushoto alikuwa na swali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo na wenye kuitaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alihofia kuikosa, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, karibu wakati uleule mwenzake alipoweka ya kwake ambayo hakuyachemsha kabisa. Kama saa moja na nusu baadaye waliangalia. Ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa na kwamba jambo hilo haliwezekani. Kwa muda alikubali. Baadaye alisikia kwa wauza aiskrimu wa Tanga kwamba nao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande haraka, na swali likarudi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, walifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, naye akauliza tena. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Tangu siku hiyo wenzake walimtania kwa jina hilo kila alipokosea hesabu.

Hapa Mpemba alifanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa sayansi alijue. Alipoikuta maabara ya biolojia i wazi, alichukua bika mbili ndogo, akatia maji ya bomba katika moja na ya moto katika nyingine, akaziweka kwenye jokofu. Alipozirudia, ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Kumbe maziwa na sukari havikuwa sababu. Hakuwa na fundi, wala mwongozo, wala alama za kutafuta. Alikuwa amebaki na vitu viwili tu vya kulinganisha, akaondoa kila tofauti aliyoweza kuiondoa isipokuwa moja.

Osborne alipoalikwa Mkwawa kuzungumza kuhusu fizikia na maendeleo ya taifa, Mpemba alisimama na swali lake. Alilitamka kwa usahihi: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo ule ule, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote vikiwekwa jokofuni, kwa nini kile cha nyuzi 100 huganda kwanza? Ukumbi ulicheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini alimwuliza kama amelifanya jaribio mwenyewe, naye akajibu kwamba amelifanya. Osborne akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam.

Alimpa kazi hiyo fundi mmoja kijana wa maabara. Fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto kweli yaliganda kwanza, akaongeza kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Sentensi hiyo ya fundi imesimuliwa mara nyingi kama kichekesho, lakini mimi naiona kuwa ushahidi wa kihistoria. Fundi huyo alisema waziwazi kile ambacho wanafunzi wengi wa maabara hukifanya kimyakimya, na alikisema kwa nia njema, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amefundishwa kuhusu maana ya kipimo kizuri.

Kilichofuata Mlimani kilikuwa mafunzo ya kweli ya majaribio, na wanafunzi walishiriki. Waliweka maji sentimita za ujazo 70 katika bika za sentimita za ujazo 100, wakaziweka juu ya kipande cha povu ndani ya sehemu ya barafu ya jokofu la kawaida la nyumbani. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kilikuwa na sababu yake. Maelezo mojawapo yalikuwa kwamba chombo cha moto huyeyusha theluji chini yake na hivyo kugusana vizuri na ubaridi. Povu liliyazuia maelezo hayo. Mengine yalidai kwamba maji ya moto hupungua kwa mvuke, hivyo hubaki machache ya kugandisha. Walipima kiasi kilichopotea wakaona hakitoshi kueleza tofauti. Wengine wangesema hewa iliyoyeyuka ndani ya maji ndiyo sababu; walitumia maji yaliyochemshwa karibuni ili vyombo vyote viwe sawa kwa hilo. Walipotandaza mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa sana, na hapo wakaona kwamba joto jingi hutokea juu, na kwamba maji yaliyoanza na moto huendelea kuwa na uso wenye joto kuliko sehemu ya chini. Muda wa kuanza kuganda ulikuwa mrefu zaidi kwa maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi, na mfupi zaidi kwa yale ya karibu nyuzi 90.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha kazi hiyo pamoja katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha usimamizi wa wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Mwaka huohuo mtafiti wa Kanada, G. S. Kell, alichapisha jambo lilelile bila kujua habari za Lushoto. Ikaonekana pia kwamba Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikuwa wameligusia karne nyingi nyuma. Hata hivyo dunia iliipa hali hiyo jina la Mpemba, na nadhani ilistahili, kwa kuwa yeye ndiye aliyeirudisha kwenye maabara ilipokuwa imesahauliwa.

Je, hali yenyewe ni ya kweli? Wanasayansi hawajakubaliana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya muda wa maji kufika nyuzi sifuri, na hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Wakaonyesha kwamba tofauti ya sentimita moja katika mahali kipimajoto kilipowekwa inaweza kuzaa matokeo yanayofanana na yale ya Mpemba. Hoja yao ni nzito. Lakini wao walipima kufika nyuzi sifuri, ilhali Mpemba na Osborne walipima kuanza kuganda, na maji huweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walionyesha hali ya namna hiyo kwa chembe ndogo zilizoelea ndani ya maji, si kwa maji yenyewe. Kwa maoni yangu ushahidi wa maji ya kawaida bado haujakamilika, na umuhimu wa kazi ya Mlimani haupungui hata ikithibitika kwamba chanzo kilikuwa mahali pa kipimajoto. Kujua ni wapi kipimo chako kinaweza kukudanganya ndilo somo lenyewe la maabara.

Baada ya chuo cha Mlimani kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, fizikia ya mionzi ilipata sababu ya kitaifa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ndege zilizobeba vipima mionzi ya gama ziliruka juu ya nchi zikichora ramani ya madini, na maeneo ya Bahi na Manyoni yakaonekana kuwa na mionzi zaidi ya kawaida. Bei ya urani iliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafutaji waliondoka. Serikali ilitunga sheria ya kinga ya mionzi mwaka 1983 na kuunda tume, ambayo kwa sheria ya mwaka 2003 ikawa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Katika kipindi hichohicho maabara za shule na vyuo zilidhoofika. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya fedha: Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, kisha masharti ya kubana matumizi baada ya makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa. Vipuri havikuja, na kifaa kilichoharibika kiligeuka pambo la kabati. Wengine hulaumu upanuzi wa haraka wa shule za kata baada ya 2004, uliowafikisha watoto wengi sekondari kabla ya maabara. Yote mawili ni kweli, na agizo la Rais Kikwete la mwaka 2012 la kujenga maabara tatu kila shule ya kata lilikuwa jibu kwa upungufu huo. Lakini ninaposoma kisa cha Mpemba nakumbuka kwamba shule yake ilikuwa na jokofu na Mkwawa ilikuwa na maabara. Kilichopungua pale hakikuwa kifaa. Mitihani ilimzawadia aliyekumbuka jibu, na tabia hiyo imedumu wakati wa neema na wakati wa dhiki.

Bei ya urani ilipopanda tena katikati ya miaka ya 2000, kampuni za Australia zilikuja kuchimba mashimo ya utafiti Manyoni na Bahi. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa, na kijana wa Singida akawa na chuo kikuu cha umma jirani na mkoa wake. Swali la wanakijiji lilikuwa rahisi kuuliza: udongo wetu na maji yetu yana mionzi kiasi gani leo, kabla mgodi haujafunguliwa? Watafiti wa vyuo vya nchini walianza kuchukua sampuli. Ukiangalia kazi hiyo hatua kwa hatua, utaona kwamba ni zoezi la maabara ya shahada ya kwanza lililopewa uzito wa maisha ya watu.

Zoezi la kwanza kabisa humtaka mwanafunzi ahesabu bila kuweka sampuli yoyote. Kaunta italia tu, kwa sababu mionzi hutoka kwenye kuta, kwenye potasiamu ya mwili wake mwenyewe, na angani. Asipoutoa mchango huo, ataipa Manyoni sifa ya ukuta wa Dodoma. La pili ni kwamba viini huvunjika bila ratiba, hivyo kuhesabu mara mbili hakuleti namba ileile. Akihesabu 100, mashaka ya kawaida ni kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani 10, au asilimia 10. Akitaka asilimia 1 lazima afikishe 10,000, maana yake akae mara 100 zaidi. Mwanafunzi anayeielewa hesabu hii hababaiki anapoona 93 leo na 108 kesho. Na hakubali kirahisi mtu anapotangaza hatari, au usalama, kwa dakika moja ya kusikiliza kaunta.

Udongo hukaushwa, husagwa, huchekechwa, kisha hufungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa na kuachwa kama wiki nne. Sababu ni radoni. Kipima mionzi hakiioni urani yenyewe vizuri. Mara nyingi husoma mionzi ya gama ya vizazi vyake, yaani atomi zinazozaliwa hatua kwa hatua viini vya urani vinapovunjika, hasa bismuthi ya nishati ya kiloelektronivolti 609, na katika mlolongo huo, kati ya radiamu na bismuthi, iko gesi ya radoni ambayo hutoroka udongo unapochekechwa. Radoni hupungua nusu kila siku 3.8. Baada ya wiki nne ndani ya chombo kilichozibwa, kiasi kinachozaliwa hulingana na kinachovunjika, na hapo ndipo namba ya bismuthi inaposema ukweli kuhusu radiamu.

Ukweli kuhusu radiamu, lakini, si lazima uwe ukweli kuhusu urani. Katika mwamba mkongwe uliotulia viwili hivyo hulingana. Katika mbuga ambako maji yanaendelea kuihamisha urani, huenda urani ilifika karibuni na haijapata muda wa kuzaa radiamu ya kutosha, au iliondoka ikaiacha radiamu nyuma. Kipima cha ndege kinaweza kulipita eneo lenye urani nyingi, na kinaweza kung'aa juu ya eneo ambalo urani yake imekwisha kusombwa. Ndiyo maana sampuli za mashapo ya namna ya Manyoni hupimwa kwa njia mbili, mionzi na kemia, kisha matokeo yakalinganishwa. Na vipimo vya udongo na vya visima vinapaswa kurudiwa kiangazi na masika kabla ya uchimbaji, kwa sababu mgodi ukishaanza hakuna tena mahali pa kupata namba za mwanzo.